Mpe Mtoto Mchanga Rangi Yake

Saa nzuri ya kumpiga picha mtoto mchanga ndani ya nyumba, hapa Meru na Embu, ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na tuliyofundishwa wengi wetu, kwamba jua la mchana ni adui wa picha. Ni adui kweli, lakini huko nje. Ikweta inapita karibu kabisa na mji wa Meru, na Embu iko kusini yake kwa kama nusu digrii tu, kwa hiyo mchana jua linakaa juu ya paa. Na kwa kuwa nyumba zetu nyingi zina mabati yaliyotokeza nje ya ukuta, miale haipati njia ya kuingia dirishani. Kinachoingia ni mwanga uliokwisha kugonga mawingu, ua na ukuta wa jirani ukalainika. Huo ndio mwanga wa mtoto.

Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya vinasifu dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua halifiki upande huo. Hapa kwetu jua huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, ila kila mara likiwa juu, hivyo dirisha la kaskazini na la kusini yote yanafaa karibu mwaka mzima. La mashariki lisubirie mpaka saa nne ipite. La magharibi malizana nalo kabla ya saa tisa. Tena saa hizo za katikati ndizo zenye joto, na mtoto wa siku saba aliyevuliwa nguo hana mzaha na baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu na manyunyu yanaposhuka kwenye miteremko ya mlima kutoka Runyenjes mpaka Nkubu, unaweza kupiga saa yoyote ya mchana kwa sababu wingu limetanda kila mahali, lakini mwanga unakuwa hafifu na chumba kinakuwa baridi. Pasha chumba joto mapema. Usiingize jiko la makaa linalowaka katika chumba kilichofungwa, hata kwa dakika kumi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtoto ndiye wa kwanza kuzidiwa. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, ikawekwa kwenye blanketi na kuondolewa kabla ya kumlaza mtoto, inatosha kuondoa ubaridi wa kitanda.

Sasa mlaze. Godoro liwe kama mita moja kutoka dirishani, na kichwa cha mtoto kielekee dirishani kwa mshazari, si utosi wote wala ubavu wote. Kisha tazama pua. Kivuli cha pua kikianguka kuelekea pembe ya mdomo, umepata. Kikipanda kuelekea jicho, mwanga unatokea miguuni, na uso wa mtoto utaonekana umevimba na kuzeeka, mgeuze. Hili la mwanga wa kutoka chini ndilo linaloharibu picha nyingi za watoto kuliko jambo lolote jingine ninalolijua, na wala haliponywi kwa kununua kamera. Tumezoea kumpiga mtoto jinsi kitanda kilivyokaa. Zungusha kitanda, au teremsha godoro sakafuni uliweke unavyotaka. Sakafuni ni salama zaidi pia.

Upande wa pili wa mtoto, ule wa kivuli, simamisha karatasi nyeupe ya manila, ile inayouzwa na maduka ya vifaa vya shule. Ianze kama nusu mita kutoka kwake, kisha isogeze taratibu huku ukiangalia shavu la upande wa giza. Acha kivuli kidogo kibaki. Shavu la mtoto ni la mviringo kwa sababu upande mmoja una mwanga na mwingine hauna. Ukiujaza wote, linalala bapa.

Dirisha linalopigwa na jua moja kwa moja, litundikie pazia jepesi la neti au shuka nyeupe nyembamba. Na pasipo na dirisha la maana, kama katika nyumba za mbao zenye vidirisha vidogo, tumia mlango. Mlango ulio wazi unatoa mwanga mwingi kuliko madirisha mawili ya namna hiyo. Mlaze mtoto ndani, hatua mbili au tatu kutoka kizingitini, nje ya njia ya upepo, na mtu mzima akae ubavuni mwake.

Kuna jambo moja la nyumba zetu ambalo halimo katika mafunzo ya video za ng'ambo: rangi zinazorudishwa na vitu vilivyo karibu. Nyumba nyingi zimepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, kijani au buluu au waridi, kwa sababu inaosheka. Mwanga ukigonga ukuta huo unamrudia mtoto ukiwa umebeba rangi yake. Migomba na mikahawa iliyosongamana nje ya dirisha nayo inatuma kijani ndani. Tena udongo wetu mwekundu: siku ya jua kali, ua uliofagiwa vizuri unarusha mwanga wa rangi ya chungwa kutoka chini, ukapenya dirishani na kupaka kidevu na mikunjo ya shingo. Ukitaka kujua kama umeathirika, usitazame paji la uso. Tazama mkunjo wa chini ya kidevu na ile sehemu ya shali iliyo kwenye kivuli. Shali nyeupe ikionekana ya kijani au ya machungwa pale kivulini, hata ngozi imepakwa. Dawa ni kufunika chanzo. Tundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa rangi, tandaza magunia meupe ya nailoni chini ya dirisha kwa nje, au hama chumba. Ukijaribu kuondoa kijani hicho baadaye kwenye simu, utaondoa na wekundu wa afya wa midomo.

Kisha zima taa. Balbu na dirisha vina rangi tofauti, na kamera haiwezi kuviridhisha vyote viwili. Utapata shavu moja la samawati na jingine la manjano. Balbu nyingi za LED za bei nafuu zinachora pia michirizi ya giza kwenye picha, kwa kuwa zinapepesa na umeme wetu wa hezi 50. Ikibidi kuitumia balbu, weka kasi ya shata sekunde 1/100. Fleshi ya simu isahau kabisa. Fleshi ya kamera inafaa tu ikiwa dari ni nyeupe na ya chini, ukaielekeza juu mwanga urudi umetawanyika. Chini ya mabati matupu au dari ya mbao nyeusi haina kazi.

Kuhusu kamera yenyewe, mpangilio wa kuanzia dirishani ni huu: kasi ya shata 1/160, aparcha f/2.8, ISO 800. Wingu la Julai likitanda, panda mpaka ISO 1600 au 3200 bila woga. Chembechembe kidogo kwenye picha hazijamkera mzazi yeyote, ila mkono wa mtoto uliotikisika ukafifia unakera. Mtoto mchanga hashtuki kwa ratiba, na hata akiwa usingizini vidole vinachezacheza. Usifungue aparcha mpaka f/1.4 kwa sababu tu lenzi inaruhusu. Ukiwa karibu na mtoto, kope zitakuwa kali na ncha ya pua imekwisha kupotea. Kwa simu, jiepushe na kumsogelea sana kwa lenzi pana, maana pua na paji vitakua kuliko masikio. Simama mbali kidogo utumie lenzi ya mara mbili kama simu inayo. Futa kioo cha lenzi kwanza. Simu inayokaa mfukoni na mkononi kutwa nzima ina mafuta yanayotandaza ukungu mweupe juu ya picha yote, na watu hulaumu kamera.

Hapa ndipo penye jambo ninalolijali kuliko mengine yote katika kazi hii: kiasi cha mwanga kwa ngozi yetu.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kilichoko mbele yake. Kimetengenezwa kikidhani kwamba vitu vyote vilivyo kwenye fremu vikichanganywa vitatoa kijivu cha kati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Sasa familia nyingi hapa humfunga mtoto kwa shali nyeupe iliyofumwa, na shali ikijaa fremu kamera inaogopa weupe, inapunguza mwanga, na mtoto anatoka mweusi kuliko alivyo. Mlaze huyohuyo kwenye blanketi ya kahawia iliyokolea, kamera itaongeza mwanga na shavu litachujuka. Kwa hiyo kwenye shali nyeupe ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima. Kwenye blanketi nyeusi punguza kama theluthi mbili. Kisha kagua histogramu, ule mchoro wa vilima: kilima cha shali kiwe karibu na ukingo wa kulia bila kuubandika, maana shali iliyoungua inapoteza nyuzi zake na hairudi. Kwenye simu, gusa shavu la mtoto, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu vuta alama ya jua juu au chini mpaka shavu lifanane na unaloliona kwa macho. Gusa shavu, si shali.

Nalisisitiza kwa sababu kukosewa kwa ngozi nyeusi kwenye picha kuna historia. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kusawazishia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikiitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi "sahihi". Kahawia za aina nyingi zilimezwa gizani. Filamu zilipoanza kuboreshwa, miongoni mwa waliosukuma mabadiliko walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Kamera za leo zimesogea mbele. Tecno waliuza simu zao Afrika wakinadi kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na Google wakaleta Real Tone kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021. Hata hivyo simu nyingi bado zinakuja na kitufe cha urembo kikiwa kimewashwa, kinachong'arisha na kulainisha uso bila kuulizwa. Kizime kabla ya kumpiga mtoto. Ngozi ya mtoto wa siku tano haina la kulainishwa.

Mama akimpakata mtoto, utaona tatizo jingine: watoto wetu wengi huzaliwa na rangi nyepesi kuliko watakayokuwa nayo, na ngozi hukolea wiki zinavyokwenda. Nyanya yeyote atakuonyesha ukingo wa sikio na ngozi iliyo kwenye mizizi ya kucha akikuambia rangi ya mtoto itakuwa hiyo. Basi mama mwenye ngozi nyeusi na mtoto mwenye rangi nyepesi wakikaa umbali mmoja kutoka dirishani, ukimpimia mama, mtoto anapauka. Ukimpimia mtoto, mama anazama. Msogeze mama awe karibu na dirisha na mtoto awe upande wa ndani ya chumba. Kwa upana wa mwili mmoja tu mwanga unapungua vya kutosha kuwaweka sawa, na hutahitaji kufanya lolote kwenye programu.

Kabla ya kufika kwenye kuhariri, neno kuhusu mikao. Picha za mtoto aliyeshika kichwa kwa mikono yake mwenyewe, zinazoenea sana mitandaoni, kwa kawaida ni picha mbili zilizounganishwa, na katika kila moja mkono wa mtu mzima umeshikilia. Usijaribu kumweka mtoto hivyo. Kiondo cha kumlazia mtoto ni kizuri na ni chetu, lakini kiweke sakafuni, kitie kitu kizito chini, jaza blanketi mpaka karibu na ukingo wa kiondo, na mkono wa mama usitoke pale ila kwa sekunde unayobonyeza. Kukining'iniza mtoto akiwa ndani, hapana.

Sasa kuhariri. Jambo la kwanza halihusu picha. Ukiifungua picha ukaona mtoto ni wa manjano, usikimbilie kitufe cha rangi. Kwanza tazama shali. Shali ikiwa nayo ni ya manjano, ni mwanga. Shali ikiwa nyeupe na mtoto akabaki wa manjano, tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi umanjano hujificha na huonekana huko kwanza. Watoto wengi hupata umanjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi huisha wenyewe. Ila ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukishuka mpaka viganjani na nyayoni, au mtoto akawa mzito wa kuamka na kunyonya, anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo. Kinachosababisha rangi hiyo ni bilirubini, na ikizidi inaweza kuharibu ubongo, ilhali tiba yake ya taa maalumu inajulikana. Mpiga picha ndiye mtu aliyemtazama mtoto huyo kwa makini kwenye mwanga mzuri kuliko wageni wote waliokuja na uji. Mwambie mama kwa upole: "Mama, naona macho ya mtoto yana umanjano kidogo. Hebu mpeleke daktari amwangalie leo." Picha itasubiri. Midomo ikiwa ya buluu, hata picha usimalize, ni kwenda hospitali mara moja.

Kama ni mwanga, sahihisha kwa kutumia shali. Bonyeza kidoti cha mizani ya weupe juu ya sehemu ya shali yenye mwanga wa kawaida, na mara nyingi kazi imekwisha. Afadhali zaidi, anza kila kikao kwa kupiga picha moja ya karatasi nyeupe pale mtoto atakapolala. Programu za bure zinatosha, kama Snapseed na Lightroom ya simu. Mwangaza wa skrini uweke nusu, na usihariri ukiwa umekaa kwenye jua nje ya duka. Utaifanya picha iwe nyeupe kupita kiasi bila kujua.

Watoto wachanga huwa na wekundu usio sawa, mikononi, miguuni, kwenye kope. Punguza ukolevu wa rangi nyekundu kidogo, kama 10 kati ya 100, na uishie hapo. Rangi ya chungwa kwenye Lightroom ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ngozi yetu, na mng'ao wake ukiupandisha mtoto anageuka mweupe kwa sekunde moja. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na wengine huombwa na wateja. Mimi nasema usiipandishe. Mtoto hajaomba kuchubuliwa, na siku moja ataitazama picha ile akijitafuta. Mzazi akikuomba, mwonyeshe picha iliyopimwa vizuri, yenye shavu linalong'aa kwa mwanga wa dirisha na vivuli vyenye joto, na uiweke kando ya ile iliyopaushwa. Mara nyingi wanachokitaka ni mng'ao, na mng'ao unatoka kwenye mwanga wa upande na ngozi iliyopakwa mafuta kidogo. Weupe hauleti mng'ao.

Ya kufuta ni ya kupita: maziwa yaliyokauka, mkwaruzo wa kucha, uzi wa blanketi. Ngozi inayobanduka kwenye vifundo vya miguu unaweza kuipunguza nguvu, usiifute. Alama ya kuzaliwa iache. Na lile baka la rangi ya buluu na kijivu mgongoni au matakoni, ambalo watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo, si jeraha na si uchafu, liache pia. Kitovu ambacho hakijakauka kifunike kwa shali wakati wa kupiga, ni rahisi kuliko kukihangaikia baadaye.

Kuweka picha mtandaoni ni jambo jingine, na lina sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni mojawapo. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mzazi kukulipa umpigie mtoto picha si ruhusa ya kumtumia mtoto kama tangazo la studio. Andika karatasi fupi, asaini au akatae, na akikataa bei isibadilike.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na nyuzi za shali zinageuka uji. Kwa kuchapisha inchi 4 kwa 6 unahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, ambazo simu yoyote ya leo inazo, ila si baada ya kukata fremu hadi uso tu. Karatasi haina taa nyuma yake kama skrini, kwa hiyo picha ya ngozi nyeusi hutoka na giza zaidi ya ulivyotarajia. Mwombe mtu wa studio azime marekebisho ya kompyuta yake, akutolee kwanza moja ndogo, utoke nayo mpaka mlangoni uitazame kwenye mwanga wa mchana. Ikiwa na giza, pandisha vivuli kidogo, uache rangi kama zilivyo, utoe nyingine ndogo, ndipo uagize zile za ukutani.